Kabla hujanunua bodi ya BASIC

Vijana wanaopita kibandani kwangu hapa Kondele huja na swali lile lile: "Fundi, ninunue bodi gani?" Wanataka bodi ndogo ya kompyuta ya kuendeshea vifaa kwa programu za BASIC. Siku hizi sijibu moja kwa moja. Namuuliza: ikiungua Ijumaa jioni, nyingine utaitoa wapi? Ukitegemea mzigo wa kutoka ng'ambo, kazi ya mteja italala wiki nzima. Kile kinachopatikana Luthuli Avenue Nairobi hupanda basi la usiku na asubuhi kiko Kisumu.

Watakaokucheka kwa kutumia BASIC watakuwepo. Ni lugha ya kompyuta ya 1964, ilitungwa chuo cha Dartmouth, Marekani, ili hata wanafunzi wasiosomea sayansi waweze kutumia kompyuta. Waache wacheke. Yai lililo kwenye mashine ya kuangulia halijui joto lake linapimwa kwa lugha gani.

Mimi nilianza na PICAXE ya Uingereza, ile 08M2 yenye miguu minane. Chipu huja na BASIC tayari ndani, na ukiwa na rezista mbili tu, ya 22k na ya 10k, unaweza kuipakia programu. Mimi niliiruka ile ya 10k nikidhani ni pambo. Kebo ikiwa imechomekwa, taa ilimetameta vizuri. Nikichomoa, chipu inazubaa. Nililaumu betri siku mbili nzima. Kumbe mguu wa kupokelea programu usipovutwa chini na ile rezista, chipu haijui kama inaongeleshwa au la.

Halafu kuna hesabu. PICAXE haijui desimali, na hukokotoa kutoka kushoto kwenda kulia bila kujali kuzidisha: 2+3*4 kwake ni 20. Nilikuwa natengeneza mashine ya kuangulia vifaranga ya mama mmoja wa Ahero, na joto linalotakiwa ni nyuzi 37.5. Amri ya kusoma joto, readtemp, hutoa nyuzi kamili tu, na mimi nilitaka ile nusu. Dawa ni readtemp12, inayosoma sensa ya joto ya DS18B20 kwa vipande, kila nyuzi moja ikigawanywa mara kumi na sita. Zidisha 37.5 kwa 16 upate 600 kamili. Kwenye programu nikaandika 600, mambo yakaisha.

Leo anayeanza namwelekeza kwenye Raspberry Pi Pico. Ilitoka Januari 2021, ina kumbukumbu ya KB 264, na kuna BASIC ya bure inayoitwa PicoMite. Pakua faili lake mara moja ukiwa na bando, basi. Unabonyeza kitufe cha BOOTSEL, unachomeka kebo, bodi inajitokeza kama fleshi, unalidondosha faili humo. Ukifungua Tera Term, programu ya kompyuta ya kuongea na bodi, bodi yenyewe inakujibu. Andika PRINT 37.5*16, inakupa 600 hapo hapo. Kihariri, yaani mahali pa kuandikia programu, kimo ndani ya bodi, desimali zipo, na DS18B20 inasomeka kwa amri ya TEMPR(), mradi uweke rezista ya 4.7k. Chunga tu volti: miguu yake ni ya 3.3. Sensa ya volti 5 ukiichomeka moja kwa moja, utakuwa unaagiza Pico nyingine.

Lakini hata Pico imeniaibisha. Mayai yalikuwa na siku kumi na saba. Stima ikapotea usiku, ikarudi baada ya muda mfupi. Bodi ikaamka, ikatoa alama yake ya kungoja amri, ikakaa. Relei, ile swichi ya kuwashia balbu za joto, haikuwaka, balbu hazikuwaka, asubuhi mayai yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Kosa ni langu: sikuwa nimeandika OPTION AUTORUN ON, inayoiambia bodi ianzishe programu yenyewe kila ikipata umeme. Ni mstari mmoja, unauandika mara moja na bodi inaukumbuka. Nililipa mayai yote. Sasa kabla sijamkabidhi mteja mashine, nazima swichi ya ukutani mwenyewe, nahesabu hadi kumi, nawasha. Mara tatu.

BASIC Stamp ya Parallax ndiyo iliyotufungulia njia tangu 1992, ila kwa mfuko wa mwanafunzi bei yake inauma. Kama tayari una bodi ya Arduino Uno kabatini, usiitupe. Bascom-AVR, programu ya kompyuta ya kuandikia BASIC, inaiendesha, na toleo la majaribio linakubali programu ya hadi KB 4, ambayo kwa kazi ndogo inatosha. Ubaya wake ni kwamba kila ukitaka kubadilisha kitu lazima urudi kwenye laptopu yenye programu hiyo.

Ukiagiza Pico, itisha Pico H, ambayo miguu yake imeshalehemiwa, na uagize mbili. Tena ikifika na kompyuta isiione, usije mbio kuniambia imekufa. Jaribu kwanza kebo nyingine. Kebo nyingi za simu zinazouzwa stejini ni za kuchaji tu, hazina waya za data. Yangu inayofanya kazi nimeifunga utepe mwekundu, na nikikuazima itumie hapa hapa mezani.