Mkahawa wa kwanza Uingereza: Oxford au London?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya kwanza ya historia. Kitabu kimoja kinasema mkahawa wa kwanza Uingereza ulikuwa Oxford mwaka 1650, kingine chasema 1651, cha tatu kinaupa nafasi hiyo ule wa Pasqua Rosée, London, 1652. Nishike kipi?

Jibu: Marahaba. Shika Oxford, ila ujue dai hilo limesimama kwa mguu mmoja. Shahidi ni Anthony Wood, mwenyeji wa Oxford ambaye hakuacha kitu bila kukiandika, umbea wa mji ukiwemo. Anasema Myahudi aitwaye Jacob alifungua nyumba ya kahawa mahali paitwapo Angel, katika parokia ya St Peter-in-the-East, na kahawa ikanywewa humo na wapenda mambo mapya.

Hiyo 1651 ni kalenda tu. Wakati ule mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1651 yetu, kwao ilikuwa bado 1650. Wood hakutaja mwezi. Andika 1650/51 usonge mbele.

Pia tenganisha kunywa na kuuza. John Evelyn, mwandishi wa shajara, alimwona Nathaniel Conopios, Mgiriki wa chuo cha Balliol hapo Oxford, akinywa kahawa mnamo 1637. Huyo alikuwa na kikombe chake, hakuwa na mkahawa.

Mimi ningekuambia umfuate zaidi Arthur Tillyard. Alikuwa muuza dawa, mfuasi wa mfalme katika miaka ambayo Uingereza haikuwa na mfalme, na mnamo 1655 alianza kuuza kahawa nyumbani kwake, mkabala na chuo cha All Souls. Waliomtia moyo ni vijana wasomi waliojiona werevu, akiwamo Christopher Wren, ambaye baadaye alikuwa msanifu majengo mashuhuri. Hapo ndipo kahawa ilipopata baraza lake chuoni: wanahisabati, watabibu na wafuasi wa mfalme, wote kwenye moshi mmoja wa tumbaku.

Wakubwa hawakufurahi. Mwaka 1664 Chuo Kikuu cha Cambridge kiliamuru kwamba mwanafunzi atakayeingia mkahawani bila ruhusa ya mwalimu wake aadhibiwe sawa na wanaoshinda kwenye vilabu vya pombe. Wood mwenyewe, baadaye, alilalamika kwamba elimu nzito imeporomoka kwa sababu watu wanashinda kwenye kahawa wakipiga soga. Ukimnukuu kuhusu Jacob, kumbuka ni mtu huyohuyo mwenye kinyongo.

Na ukifika Oxford ukaona bango la 1654 karibu na Queen's College, mwaka huo ni wa Cirques Jobson, mzaliwa wa karibu na mlima Lebanoni, aliyeuza kahawa kwenye kona hiyo. Si wa Jacob.