Jina la mtoto: mlidhani ni lenu peke yenu

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa wazazi wanaotafuta jina, na chache kwa wale ambao tayari wanalijutia. Nimejibu hizi.

Tulihangaika miezi tukitafuta jina ambalo hatujawahi kulisikia kwa mtu. Leo mtoto ameanza shule na darasani wapo wanne wanaoitwa hivyo. Nani alitoa siri?

Hakuna aliyeitoa. Nyinyi na wazazi wa hao watatu mna masikio ya rika moja. Majina ya kizazi cha wazazi wenu mnayaona ya kizee, ya wenzenu mliosoma nao mmeyachoka, na mkishayatoa hayo yote kinachobaki ni uwanja mdogo wa sauti zinazosikika mpya. Wenzenu nao wamebanana hapo hapo.

Mwanasosholojia Stanley Lieberson alipenda kuchunguza majina kwa sababu hii: nguo zina wauzaji na matangazo, jina halina kampuni inayolisukuma, lakini bado lina msimu wake. Nchini Marekani, kwenye takwimu za serikali zinazoanzia mwaka 1880, Jennifer liliongoza kwa wasichana kila mwaka kuanzia 1970 hadi 1984. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba akilipigia debe. Baadaye kwa wavulana likavuma Aiden, pamoja na akina Jayden, Hayden, Kayden na Brayden. Mzazi aliyechagua Brayden alikuwa anamkimbia Aiden, ila alikimbia hatua moja tu.

Kama inawapoza, siku hizi jina linaloongoza haliongozi kwa kishindo kama zamani. Mwaka 1880 wavulana 8 hivi katika kila 100 waliozaliwa Marekani waliitwa John. Sasa jina la kwanza kwenye orodha hiyo hupewa takriban mvulana mmoja katika 100. Watu wanatawanyika, kila mzazi anataka la kwake. Wanne darasa moja, hiyo yenu ni bahati mbaya.

Shikamoo. Mama mkwe anataka mtoto wetu apewe jina la marehemu baba mkwe. Kwangu ni jina la kizee kabisa. Mume wangu amenyamaza.

Marahaba. Kwanza huyo aliyenyamaza aseme, maana ukimwacha hivyo mtagombana siku ya kuandikisha cheti, na mama yake akiwa pembeni.

Kuhusu uzee wa jina: una haki ya kutolipenda, lakini jua kwamba ladha hiyo haitadumu. Majina hurudi. Emma lilikuwa la 3 kwa wasichana wa Marekani mwaka 1880, likashuka mpaka likaonekana la mabibi, halafu likapanda tena na kushika namba moja mwaka 2008, na tena kuanzia 2014 hadi 2018. Kawaida jina huhitaji vizazi vitatu hivi kupumzika. Wale waliolibeba wakishaondoka, hakuna tena anayelihusisha na mkongojo na dawa ya kuchua, na vijana wanalisikia kama jipya. La baba mkwe wako bado bichi kwako kwa sababu unamkumbuka akiwa mzee. Mwanao hatamkumbuka hivyo, kwake litakuwa jina tu.

Kama moyo bado unakataa, lipeni nafasi ya pili kwenye cheti na la kwanza mchague nyinyi. Ila mwambieni mama mapema na waziwazi, asije akalisikia kwa majirani.

Nataka jina linalomfaa mtoto wa kike au wa kiume. Baba yake anasema wa kiume atachekwa.

Hofu yake ina historia. Ashley, Leslie na Beverly yalikuwa majina ya wanaume kwa wanaozungumza Kiingereza. Wasichana walipoanza kuyapata kwa wingi, wazazi wa wavulana wakayakimbia, na majina ya aina hiyo ni nadra kurudi yalikotoka. Msichana akiitwa jina la kiume watu husema limekaa vizuri, lina nguvu. Mvulana akipewa la kike anaonewa huruma. Hapo tatizo ni namna tunavyowapima wanawake, jina limesingiziwa tu.

Na mwambie baba mtu kwamba kinacholigeuza jina ni hofu yenyewe: yeye na wenzake wakilikimbia, linabaki la wasichana. Sheria nazo zinalegea. Iceland, ambako majina yaligawanywa rasmi ya kike na ya kiume, iliondoa mgawanyo huo mwaka 2019. Mimi ningelichukua.

Vipi kumpa mtoto jina la mtu maarufu?

Maarufu aliye hai bado anaweza kukuaibisha. Subiri afe, au chagua aliyekwisha kufa.

Halafu kuna ajali zisizotabirika. Kampuni ya Amazon ilipoipa sauti ya spika zake zinazopokea amri za mdomo jina Alexa mwishoni mwa 2014, wazazi hawakushtuka mara moja. Mwaka 2015 wasichana zaidi ya 6,000 waliandikishwa kwa jina hilo Marekani. Kufikia 2020 hawakufika 2,000. Wale wa mwanzo wamekua wakiitwa na kuamriwa wawashe taa, na hakuna mzazi ambaye angeliona hilo likija.

Msajili anaweza kukataa jina nililochagua?

Inategemea nchi. Ufaransa, kuanzia 1803, ilikubali majina ya kwenye kalenda na ya historia ya kale tu, na kamba ikalegezwa mwaka 1993. Hata hivyo mahakama ya huko iliwakatalia wazazi waliotaka binti aitwe Nutella, kama ile chokoleti ya kupaka kwenye mkate, akaishia kuwa Ella. New Zealand hukataa majina yanayofanana na vyeo, kama King. Uliza ofisi ya usajili ya kwenu kabla hujachora jina kwenye keki.

Nibadilishe herufi ili jina la kawaida lionekane tofauti?

Hapana. Utofauti huo hausikiki anapoitwa, na maisha yake yote atakuwa anasahihisha vyeti.

Mtoto ana miezi mitano na kila nikimwita najihisi namwita mtoto wa mtu. Nimechelewa?

Hujachelewa. Katika umri huo watoto wengi ndiyo kwanza wanaanza kulitambua jina lao kati ya sauti nyingine, na atalizoea jipya haraka kuliko shangazi zake. Kinachochelewesha ni makaratasi: cheti, kadi ya kliniki, bima, pasipoti kama anayo. Kila mwezi yanaongezeka. Kama mmekubaliana na mwenzako, nendeni wiki hii.