Maskara isiyotoka kwa maji

SWALI: Kila nikisugua maskara isiyoingia maji, kope zinang'oka na ngozi inawasha. Nifanyeje?

JIBU: Acha kusugua. Nta ya maskara hiyo hulainishwa na mafuta, si maji. Tafuta kiondoa vipodozi chenye tabaka mbili, mafuta na maji, na ukitikise kwanza. Wengi husahau, wakamimina mafuta matupu. Vua lenzi kama unavaa. Lowesha pamba kwa kiondoa hicho, ilaze juu ya jicho lililofumbwa kwa sekunde 20 hadi 30 bila kukandamiza, kisha iteleze kuelekea chini, kwa kufuata kope. Pamba ikikwama, maskara haijalainika: irudishe, usivute. Kwa wanja wa ukingoni mwa jicho, tumia kijiti cha pamba. Kope za kubandika ni habari nyingine, maana mafuta hulegeza gundi yake.