Uliza Fundi: Wembe wa kukunja wenye pengo

SWALI: Nina wembe wa kukunja wa zamani, kazi ya Solingen, Ujerumani. Upana wa bapa ni milimita 16, na karibu na ncha kuna pengo la nusu milimita. Nimeusugua kwenye jiwe la visu saa nzima. Pengo lipo palepale, ila mgongo umeanza kulika. Nakosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwanza hakikisha ni pengo tu, si ufa. Buruta ukucha toka mgongoni kuja kwenye makali, pande zote mbili, kisha tazama kwa lenzi ya fundi saa. Ufa unaopanda kuelekea mgongoni hautibiki kwa kunoa, wembe huo uweke kabatini uwe pambo. Vidoa vyeusi vya kutu vinavyogusa makali navyo vina hila: chini yake kuna vishimo, na kila ukivifikia makali yanamomonyoka upya.

Wembe hunolewa ukiwa umelala, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe. Mgongo ndio unaoshika pembe, ndiyo maana wako umelika. Nusu milimita ni nyingi mno kuiondoa kwa mtindo huo. Lowesha jiwe namba 400 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), simamisha wembe wima makali yakiwa chini, uvute taratibu toka kisigino (upande wa mpini) hadi ncha, bila kukandamiza. Kila baada ya mara tano, tazama. Inatisha, kwa sababu unayaua makali kabisa, lakini mgongo unapona. Usichimbe penye pengo peke yake: makali yatabonyea, na jiwe lililo sawa halitayafikia pale.

Pengo likiisha, hamia namba 1000. Lisawazishe jiwe kwanza: lichore mistari ya penseli, lisugue juu ya msasa wa maji uliolazwa kwenye kioo hadi mistari ifutike yote. Funika mgongo kwa tabaka moja la tepu ya mafundi umeme, upake wino wa kalamu ya maka kwenye makali pande zote mbili, uone jiwe linagusa wapi. Laza wembe, usukume makali yakitangulia, kwa mshazari toka kisigino hadi ncha. Ukifika mwisho ugeuze kwa mgongo, kamwe si kwa makali. Mkono uwe mwepesi. Bapa hili limechongwa jembamba sana, ukikandamiza linapinda, nawe unabaki kunoa nyuma ya makali.

Inaweza kufika mizunguko 200 (kwenda na kurudi), usihesabu sana. Elekeza makali juu, chini ya taa: palipo butu humeta uzi mweupe, na pande mbili zilipokutana hakuna kinachoonekana. Uzi ukibaki hata sentimita moja, usiende mbele. Hapa ndipo wengi huharibu, maana mawe laini hayarekebishi kilichoachwa na namba 1000.

Baada ya hapo, mizunguko 40 kwenye namba 4000 na 40 kwenye 8000, wembe ukibebwa na uzito wake tu. Tepu ikichakaa badilisha, ila usiiondoe kabla ya kumaliza jiwe la mwisho. Kwa mgongo wa unene wa milimita 4.5, pembe ni kama digrii 16, na tepu huongeza takriban digrii moja. Ukiivua katikati, jiwe litagusa bega la makali, yaani nyuma yake kidogo, na kuyaacha makali yenyewe. Malizia kwenye ukanda wa ngozi uliokazwa, mara 50, safari hii mgongo ukitangulia.

SWALI: Wembe wangu unakata nywele za mkono vizuri, kwenye ndevu unavuta. Kwa nini?

JIBU: Nywele za mkono hukatwa hata na makali ya namba 1000. Rudi kwenye 8000, kisha ngozi. Kama ukanda umelegea, huo ndio mchawi: ngozi inayobonyea huviringisha makali.

SWALI: Naweza kuondoa pengo kwa mashine ya kusagia?

JIBU: Hapana. Makali membamba hushika moto kwa sekunde chache, na chuma kikishageuka rangi ya bluu kimepoteza ugumu. Utakinoa leo, kesho ni butu. Mashine iachie panga.