Kwa wanaoanza kusoma saikolojia: kichwa cha mtu na watu waliomzunguka

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza hapa Dodoma, mtakapofika kwenye mada ya mikabala ya saikolojia mtaikuta imepangwa kwa namna inayoshawishi kukariri. Mkabala wa utambuzi, unaoangalia mtu anavyofikiri, una kurasa zake zenye kumbukumbu, umakini na skima, yaani mifumo ya maarifa tuliyonayo kichwani, na mkabala wa kijamii una kurasa zake zenye utii, kufuata kundi na ubaguzi baina ya makundi. Madesa, yaani muhtasari wa masomo unaorithishwa hosteli mwaka hadi mwaka, hufuata mpangilio huohuo, tena kwa ufupi zaidi. Katika semina za wanaoanza ninazozisimamia, wengi hujibu vizuri wakiulizwa mkabala mmoja mmoja, lakini wakipewa tukio la kawaida na kuambiwa walieleze, hukwama, kwa sababu wamejifunza mikabala hiyo kana kwamba ni vyama viwili na mtu sharti achukue kadi ya kimoja.

Ushauri nitakaoukalia kwa muda mrefu ni huu: someni jaribio lenyewe kabla ya kusoma hitimisho lake. Chukueni jaribio la Solomon Asch lililochapishwa mwaka 1951. Desa litawaambia kwamba watu hufuata kundi, na litaishia hapo. Utaratibu wenyewe una mengi zaidi. Mwanafunzi mmoja aliketishwa pamoja na wenzake ambao, bila yeye kujua, walikuwa wameshapangwa na mtafiti. Wakaonyeshwa mstari mmoja, kisha mingine mitatu, na kila mtu kwa zamu yake akataja kwa sauti ni upi ulio sawa na ule wa kwanza. Mshiriki halisi alijibu karibu na mwisho, baada ya kuwasikia wengine. Katika duru 12 kati ya 18, wale waliopangwa walitaja mstari usio sahihi kwa kauli moja, ilhali jibu lilionekana wazi. Takriban theluthi moja ya majibu ya washiriki katika duru hizo yalifuata kosa la kundi. Hata hivyo, takriban robo ya washiriki hawakuyumba hata mara moja. Robo hiyo ndiyo ambayo madesa huiacha, na anayeiacha huandika kwenye mtihani sentensi isiyo ya kweli, kwamba mtu akiwa kundini hana msimamo.

Tena msiishie kwenye idadi. Asch aliwahoji washiriki baada ya jaribio, na maelezo yao hayakufanana: wako waliosema kwamba walianza kuyatilia shaka macho yao, na wako waliojua fika kwamba kundi limekosea ila hawakutaka kuonekana tofauti. Majibu waliyotamka yalikuwa yaleyale, lakini njia zilizowafikisha hapo zilitofautiana. Huwezi kuzitenganisha njia hizo usipouliza mtu alikuwa anafikiri nini, na huwezi kueleza kwa nini alianza kujitilia shaka usipotaja walioketi naye. Hata pale Asch alipomweka mwenzi mmoja tu wa kutaja jibu sahihi, makosa yalipungua sana, na mwanafunzi makini atataka kujua mwenzi huyo alimwondolea mshiriki nini: shaka, au woga.

Jambo hili mtaliona wenyewe mwanzoni mwa muhula, mtakapomchagua mwakilishi wa darasa kwa kunyoosha mikono. Mikono ya safu za mbele hupanda kwanza. Huko nyuma kuna anayeinua wake nusu, kiwiko kikiwa bado mezani, akageuza macho kushoto na kulia, kisha akaupandisha wote alipoona imeshakuwa mingi. Jizoezeni kuuliza maswali mawili kuhusu mkono huo: nani alikuwa akiutazama, na mwenyewe alijua au alidhani nini wakati ule.

Nadharia za kumbukumbu, tangu makala ya George Miller ya mwaka 1956 kuhusu uwezo wa kumbukumbu ya muda mfupi hadi modeli ya Alan Baddeley na Graham Hitch ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu tendaji, sizisemei sana, kwa kuwa zina michoro na wengi huzimudu. Ninachowaomba ni kutodhani kwamba kumbukumbu ni shughuli ya mtu akiwa peke yake. Elizabeth Loftus na John Palmer, mwaka 1974, waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa katika mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi cha kugongana kwa kishindo walikadiria wastani wa karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana tu walikadiria karibu maili 32. Makadirio ni ya mtazamaji, lakini swali lina mwenyewe aliyelitamka, na anayefikiria ushahidi wa ajali ya bodaboda hapa mjini atataka kujua kwanza askari aliuliza vipi.

Mtakapotoka kwenda kukusanya data, iwe Bahi, Chamwino au Kongwa, tatizo litakuwa kubwa zaidi, kwa sababu vipimo vingi mtakavyovibeba vilitengenezwa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya. Michael Cole na wenzake walipowapa Wakpelle wa Liberia vitu vya kupanga katika mafungu, wengi waliviweka pamoja kwa jinsi vinavyotumika: kisu na chungwa, jembe na kiazi. Mtafiti aliyetarajia vyakula huku na zana kule angeweza kuandika kwamba hawawezi kufikiri kwa makundi. Lakini mmoja wao alipoulizwa mpumbavu angevipangaje, vikapangwa barabara kama mtafiti alivyotaka. Kwa maoni yangu kisa hiki kinastahili nafasi kuliko baadhi ya majaribio maarufu tunayoyarudia kila mwaka, kwa kuwa kinamweka mtafiti naye ndani ya jaribio. Kwa hiyo hojaji yenye ngazi tano za kukubali na kukataa ijaribuni kwanza kwa watu wachache, na msiijaze mwenyekiti wa kitongoji akiwa amekaa pembeni, hata kama ndiye aliyewapokea kwa ukarimu.

Atakayebahatika kufanya mafunzo ya vitendo katika hospitali ya magonjwa ya akili, na Mirembe iko hapahapa mjini, atayahitaji haya kila siku. Edward Jones na Victor Harris walionyesha mwaka 1967 kwamba wasomaji walimhesabu mwandishi kuwa anamuunga mkono Fidel Castro kwa sababu ya insha yake, hata walipoambiwa kwamba alipangiwa upande wa kutetea. Mwaka 1977 Lee Ross aliliita jambo hilo kosa la msingi katika kuhusisha sababu, yaani kueleza tendo kwa tabia ya mtu na kuisahau hali aliyokuwamo. Mgonjwa akinyamaza mbele ya kundi la wanafunzi waliovaa makoti meupe, kalamu itakimbilia kuandika kwamba hatoi ushirikiano. Andikeni kwanza nani walikuwemo chumbani, nani aliuliza, kwa Kiswahili au Kigogo, na kama ndugu yake alikuwepo. Kisha muandike ni swali lipi alilinyamazia na ni lipi alilijibu.