Jibu kwa aliyeuliza kama hofu ni dalili kwamba Mungu hajamwita

Mleta uzi anasema ameimba kwaya tangu utotoni, sasa wachungaji wamemwomba aingie huduma ya magereza, kitu asichokijua mbele wala nyuma, naye anaona itambidi aiache kwaya. Anaomba, lakini amani haiji. Anauliza: kama kweli ni Mungu, si ningekuwa na amani?

Ndugu yangu, hii habari ya "amani kwanza" tumefundishana sana, ila sioni kama Musa angeielewa. Soma Kutoka 3:12. Anataka uhakika kabla ya kwenda kwa Farao, naye Mungu anampa dalili atakayoiona akishawatoa watu Misri: watakuja kumwabudu katika mlima uleule. Yaani nenda, uhakika utaukuta huko mbele. Ibrahimu naye alitoka Harani ana miaka 75, "asijue aendako", na hata hajatulia Kanaani, njaa ikaingia. Angekuwa mmoja wetu angeshatangaza kwamba mlango umefungwa.

Lakini wa kukaa naye zaidi ni Petro, Matendo 10. Tumezoea kusema anayekataa jambo jipya ana imani haba. Petro alikataa kwa sababu ya uchaji wake. Katika maono anashushiwa ile nguo kubwa yenye wanyama, hata wale ambao Sheria ya Wayahudi ilikataza kuwala, anaambiwa chinja ule, anajibu: "Hasha, Bwana." Anamwita Bwana huku anamkatalia! Wala hakuwa mkorofi. Sheria aliyoishikilia ilitoka kwa Mungu huyohuyo. Ikabidi jambo lirudiwe mara tatu. Nakuambia haya kwa sababu nahisi kinachokushika si gereza. Kwaya ndiko ulikomjua Mungu, na unaogopa ukitoka pale utamwacha huko.

Na mimi iliniuma hivyohivyo nilipoombwa kuwahudumia waumini viziwi kanisani kwetu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, kazi niliyoiweza hata usingizini. Ghafla nikawa mwanafunzi tena, mtu mzima mwenye mikono mizito. Kuna mama mmoja kiziwi alikuwa ananishika vidole, ananinyoosha kimoja kimoja, anashusha kiwiko changu kidogo, halafu anatikisa kichwa: rudia. Sala ya Bwana, ambayo mdomo huitiririsha akili ikiwa kwingine, nikawa naitafuta ishara kwa ishara. Pale pa "utusamehe" mikono ikagoma. Yule mama akasubiri tu, macho kwangu, hana haraka. Sijawahi kuiomba ile sala polepole vile. Hiyo amani unayoiulizia ilikuja, ila ilinikuta tayari niko kazini, na kuna siku haikuja kabisa na ibada ikaendelea.

Sasa niseme na upande wa pili, maana humu kuna watu wakiona kitu kipya tu wanakiita uamsho. Upya peke yake si ushahidi wa chochote. Mtume Yohana alituambia tuzijaribu roho kama zimetoka kwa Mungu. Ukiambiwa uza mali, leta sadaka na usimwambie mtu, hapo kimbia, tena usigeuke nyuma. Petro mwenyewe, pamoja na maono yote yale na Roho kumwambia aende, hakwenda peke yake kwa Kornelio, yule akida wa Kirumi asiye Myahudi. Alikwenda na ndugu sita. Aliporudi Yerusalemu na kushambuliwa kwa maswali, hakusema "Mungu kaniambia, nyamazeni". Aliwaeleza jambo lote kwa taratibu tangu mwanzo, mashahidi wake wakiwapo. Kwako wito umekuja kupitia wachungaji wanaokufahamu, mchana kweupe, na hakuna anayetunisha mfuko kwa wewe kwenda kuwatembelea wafungwa. Hilo kwangu lina uzito kuliko tumbo kukuvuruga usiku.

Kwa hiyo usikae ukingoja hofu iishe. Omba uongozane na timu kwanza bila kupewa jukumu lolote: kaa, sikiliza, usihubiri. Muulize anayeongoza mambo madogo madogo: unaruhusiwa kuingia na nini, mfungwa akikupa barua umpelekee mtu unajibuje, ni ahadi gani usithubutu kuitoa. Sehemu kubwa ya hofu ya jambo geni ni vitu vya namna hii tu, vina majibu na kuna watu wanayo. Sehemu itakayobaki, hiyo nenda nayo.

Kuhusu kwaya, soma tena ulivyoandika. Umesema wamekuomba uingie huduma ya magereza. Sijaona mahali walipokuambia uache kuimba. Hilo umeliongeza wewe. Kabla hujalia nalo, kamuulize mchungaji kama siku za mazoezi zinagongana na siku za kwenda gerezani.