Mnaoanza kuhariri tamthilia: msiudharau utangulizi

Vijana wanaokuja kujifunza uhariri hapa Arusha huniuliza mapema kwa nini nawaanzishia na utangulizi wa tamthilia, yale majina na muziki wa mwanzo, wakati mtazamaji wa leo anauruka. Ni swali la haki. Nalijibu kwa kirefu kwa sababu nalipenda jambo hili, na kwa sababu anayeweza kuhariri sekunde arobaini zisizo na maneno, tukio la watu wawili wanaobishana halitamshinda.

Tuanze na kazi yake ya zamani. Kipindi kilikuwa na saa yake, usipokuwepo kimekupita, kwa hiyo muziki wa mwanzo ulikuwa wito. Waliofuatilia Isidingo kupitia ITV wanakumbuka: wimbo ukilia, aliye jikoni anafunika sufuria, aliye uani anaingia ndani. Redio ilitangulia kulijua hili. Ngoma za Mzee Morris Nyunyusa zilizofungulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania zilinyamazisha sebule kabla mtangazaji hajasema neno. Hakuna picha wala jina, ni ngoma tu, na kila mtu anajua kinachofuata. Mkitaka kujifunza utangulizi, anzeni na sauti.

Kisha tazameni utangulizi wa tamthilia za wenzetu, kwa kalamu na daftari. Mission: Impossible ya mwaka 1966 inawasha utambi kwa kiberiti, halafu unaingia muziki wa Lalo Schifrin wenye mapigo matano pale sikio linapotegemea manne, na juu yake vipande vya haraka vya matukio ya sehemu ya tamthilia inayoonyeshwa siku hiyohiyo. Utambi unasema muda unakwisha, mapigo yanakunyima utulivu, vipande vinaahidi mambo bila kuyaeleza. Kila kitu kinavuta upande mmoja.

The Sopranos, 1999, ndiyo ninayoirudia zaidi. Mtu anaendesha gari kutoka Lincoln Tunnel, New York, hadi kwake New Jersey. Ni kama dakika moja na nusu ya barabara, viwanda, maduka madogo, kisha nyumba kubwa yenye nafasi, na hakuna anayezungumza. Anapoegesha gari umeshajua ametoka wapi na amepanda kiasi gani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, picha ya majengo pacha yaliyoonekana kwenye kioo cha pembeni cha gari iliondolewa kuanzia msimu wa nne. Ilipita upesi mno, lakini wenye kazi walijua haiwezi kubaki. Huo ndio uzito wa picha moja kwenye utangulizi.

Game of Thrones ya mwaka 2011 ilitatua tatizo la kawaida kabisa: majina mengi, falme nyingi, mtazamaji anapotea. Wakamjengea ramani inayochomoza kwa magurudumu ya meno, ikibadilika kulingana na maeneo yatakayotajwa katika sehemu husika. Ilipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka uleule. Watu waliitazama kwa sababu ilikuwa inawasaidia.

Basi utangulizi umefifiaje? Msikubali haraka jibu la kwamba watu hawana subira. Miaka ya 1990 vituo vikubwa vya Marekani viliogopa kwamba muziki wa kufungulia ndio nafasi ya mtu kushika rimoti na kuhama chaneli, na matangazo ya biashara nayo yalikuwa yanakula dakika. Tamthilia nyingi zikaanza kuingia moja kwa moja kwenye tukio, majina ya waigizaji yakapita juu ya picha za hadithi yenyewe. Mwaka 2004, Lost ikabaki na neno moja linaloelea gizani. Mwaka 2017 Netflix ikaleta kitufe cha kuruka, na Machi 2022 kampuni yenyewe ilisema kinabonyezwa mara milioni 136 kwa siku.

Namba hiyo inatisha, lakini mfikirie anayebonyeza. Anatazama sehemu sita kwa usiku mmoja, ameshakaa, simu iko mkononi. Hana haja ya kuitwa mara sita. Kazi ya wito imekwisha, ila kumtoa mtu kwenye siku yake na kumwingiza kwenye dunia ya hadithi bado ni kazi inayotakiwa kufanywa na mtu. Succession ilianza mwaka 2018, kitufe kikiwa tayari kipo, na muziki wa Nicholas Britell ukapata Emmy mwaka uliofuata. Wanaotafsiri muvi kwa Kiswahili wanalielewa jambo hili vizuri: majina yanapopita, wao ndio wanasalimia, wanamtambulisha stelingi, wanawaweka watu sawa. Mimi nawaheshimu sana kwa hilo.

Sasa kazi yenu. Karibu kila anayeanza huniletea kitu kilekile: droni juu ya Mnara wa Saa, Mlima Meru nyuma, herufi za dhahabu zinazozunguka. Meru ni mzuri, hilo halina ubishi, lakini yumo kwenye video za harusi, za kwaya na za kampuni za utalii. Hautambulishi hadithi yako.

Tuseme tamthilia ni ya familia inayouza viazi Soko la Kilombero. Nenda alfajiri na kinasa sauti kabla hujabeba kamera. Chukua kufuli likifunguliwa, gurudumu la mkokoteni kwenye mawe, gunia likitua, mizani ikigonga. Mpelekee mpiga muziki sauti hizo azifanye mapigo. Ndipo urudi kupiga picha, za karibu: vidole vinavyofungua kamba ya gunia, noti inayokunjwa na kuingizwa kwenye pindo la khanga. Sura zibaki nje kwanza. Na kitu kimoja kibadilike kila sehemu. Magunia nyuma ya kibanda yapungue kidogo kidogo kadiri deni la familia linavyokua, bila maandishi wala mshale. Atakayeligundua wiki ya tatu atamwambia mwenzake, na wiki ya nne hawaruki.

Majina myape heshima. Waigizaji wengi hapa kwetu hulipwa kidogo, na jina kwenye skrini ni sehemu ya malipo yao. Mama yake atalitafuta. Jina likae muda wa kutosha kulisoma mara mbili polepole. Tahajia muulize mwenyewe, msiamini orodha ya WhatsApp. Herufi zipimeni kwenye simu ya bei ya chini, mwangaza ukiwa nusu, kwa sababu wengi watatazama hivyo, ndani ya daladala au dukani kati ya wateja. Maandishi membamba yanayopendeza kwenye kompyuta yenu kule hayaonekani.

Muziki wa watu msichukue, hata kipande kidogo. YouTube itautambua, na mapato ya sehemu hiyo yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Andikianeni mkataba na mpiga muziki wenu, hata kama ni rafiki, na mjue COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, inafanya kazi gani kabla hamjaihitaji.

Urefu msibishane nao sana. Sehemu ya kwanza ya msimu ipeni utangulizi wote, sekunde arobaini au hamsini, kwa sababu hapo mtazamaji bado anatafuta mahali pa kukaa. Zinazofuata zipate toleo la sekunde kumi hadi kumi na tano, lakini lianze na sauti ileile, maana sikio hukumbuka kabla ya jicho. Msilipate kwa kukata mkia wa toleo refu. Liharirini upya, na mwisho wake liungeni na sauti ya tukio la kwanza ili kusiwe na shimo katikati.

Na kila mara toeni nakala moja safi, yenye picha na muziki bila maandishi, mwihifadhi kwenye diski mbili tofauti. Kituo kitaitaka siku moja, au mwigizaji atabadilishwa katikati ya msimu, na asiye na nakala hiyo hulazimika kuijenga kazi yote upya usiku wa kuamkia siku ya kurusha.